Shehena Isiyoonekana: Bunge la Marekani na Makombora ya Masafa Marefu

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu ya asubuhi ilipokuwa imepita kwa dakika chache, magari mawili yaliyosheheni baruti yalilipuka karibu kwa wakati mmoja, moja penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na la pili penye ubalozi wa nchi hiyo hiyo mjini Dar es Salaam, na roho 224 zikapotea. Na katika hizo, za Wamarekani zilikuwa 12 tu, ilhali zilizobaki karibu zote zilikuwa za watu wa nchi zetu hizi, waliotoka majumbani mwao asubuhi ile kwenda kutafuta riziki ya halali: makarani, wapita njia, abiria wa basi lililokuwa likipita Barabara ya Haile Selassie, na wanafunzi wa uhazili katika jengo la Ufundi, ambalo liliporomoka lote. Sisi wa Afrika Mashariki twaikumbuka siku ile kwa misiba yake, na ndivyo inavyostahiki. Lakini huko ng'ambo siku ile iliacha pia athari ya namna nyingine, nayo ni hoja ya silaha ambayo imekwenda ikikua kwa muda wa zaidi ya robo karne, ikapita mikononi mwa majemadari, wahandisi na wabunge, na ambayo nataka leo kuisimulia kwa utuvu, kwa kuwa naamini ni wachache miongoni mwetu wanaojua ya kwamba sehemu ya asili yake imo katika vumbi la Nairobi na la Dar es Salaam.

Siku kumi na tatu baada ya msiba, tarehe 20 Agosti, Rais Clinton aliamuru makombora ya Tomahawk yarushwe kutoka manowarini, baadhi yakielekea kambi zilizo karibu na mji wa Khost, Afghanistan, na baadhi yakielekea kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, mjini Khartoum. Tomahawk ni kombora lenye mbawa, liendalo chini chini kwa mwendo unaolingana na wa ndege ya abiria, kiasi cha kilomita 880 kwa saa. Kwa hiyo yale yaliyotumwa Afghanistan kutoka Bahari ya Arabuni yalihitaji kama saa mbili njiani, na yalipofika, Osama bin Laden, aliyetuhumiwa kuupanga msiba ule na aliyekusudiwa, hakuwamo. Katika ofisi za Washington watu wakazihesabu zile saa mbili, wakazihesabu tena, na hesabu ile ikazaa matamanio: laiti tungekuwa na silaha isiyo ya nyuklia, ya kuweza kumfika adui popote alipo duniani kwa muda usiozidi saa moja tangu amri kutolewa. Matamanio hayo yalipopewa jina la kiserikali, na makamanda wa kuyatetea, yakawa ni siasa ya ulinzi. Na siasa ya ulinzi, kama ijulikanavyo, haichelewi kudai fedha.

Dai lenyewe lilifika mbele ya Kongresi, yaani Bunge la Marekani, mwaka 2006. Wizara ya Ulinzi ilipendekeza ya kwamba katika kila nyambizi ya aina ya Ohio iliyo doriani, ambayo kwa wakati ule ilibeba makombora 24 ya Trident yenye vichwa vya nyuklia, makombora mawili yavuliwe vichwa vile na kuvishwa vingine vya kawaida, ili yaweze kutumika dhidi ya kambi ya magaidi au mtambo wa kombora wa dola hasimu bila ya kuvuka ule mpaka wa kutisha ambao, tangu Nagasaki, hakuna dola iliyothubutu kuuvuka. Trident huenda masafa ya zaidi ya kilomita 7,000, hupaa mpaka nje ya anga na kushuka kwa kasi ambayo hakuna ndege iwezayo kuikaribia, na safari yake yote haizidi kama nusu saa. Fedha iliyoombwa kwa mwaka wa kwanza ilikuwa dola milioni 127, kiasi kisichomshtua mtu katika bajeti inayohesabiwa kwa mamia ya mabilioni. Nyambizi zilikwisha kuwapo, kombora lilikwisha kujaribiwa mara nyingi, na kilichobaki, kama walivyosema watetezi wake, ni kubadili kichwa tu. Miongoni mwa watetezi hao walikuwamo mawaziri wawili wa zamani wa ulinzi, Harold Brown na James Schlesinger, mmoja aliyetumikia serikali ya chama cha Democratic na mwingine aliyetumikia serikali za chama cha Republican, na wote wawili ni watu ambao ujuzi wao wa mambo ya vita haukuwa na shaka.

Hapa yafaa nieleze kwa ufupi ni kwa mamlaka gani bunge huweza kumwambia jemadari hapana. Katiba ya Marekani, katika kifungu chake cha kwanza, imekataza fedha yoyote kutolewa Hazina isipokuwa kwa sheria iliyopitishwa na bunge. Na kuhusu jeshi la nchi kavu imeongeza sharti zito zaidi, ya kwamba fedha ya kuliendesha isitengwe kwa muda unaozidi miaka miwili, kwa sababu waliotunga katiba ile walikuwa na hofu, waliyoirithi kwa mababu zao wa Kiingereza, ya kuwa na jeshi la kudumu lisilomhitaji mtu yeyote. Katika zama zetu kazi hiyo imegawanywa katika milango miwili: kuna kamati za majeshi, moja katika Seneti na nyingine katika Baraza la Wawakilishi, ambazo kila mwaka hutunga sheria ya kuidhinisha miradi; na kuna kamati za matumizi, ambazo ndizo hasa hutoa fedha. Mradi waweza kupita mlango wa kwanza ukakwama katika wa pili. Fauka ya hayo bunge lina watu wake wa kulisomea na kulihesabia, miongoni mwao ni Idara ya Utafiti ya Bunge, iliyoanzishwa mwaka 1914, na ofisi ya ukaguzi ya mwaka 1921, ambazo hazimtumikii Rais wala jemadari, na ambazo ripoti zao, ingawa hazisomwi na wengi, aghalabu ndizo huwapa wajumbe maneno ya kuuliza.

Na swali waliloliuliza wajumbe mwaka ule halikuhitaji elimu ya fizikia. Mtu aliyezaliwa pwani angelifahamu mara moja. Jahazi likiwa limejitokeza upeoni, tanga limetuna, aliye ufukweni huweza kujua ni jahazi la namna gani, na akiwa hodari huweza hata kujua limeundwa bandari gani. Lakini kama limepakia boriti au tende au bunduki hawezi kujua mpaka litie nanga. Basi wajumbe wakauliza: Mrusi aliye kwenye rada yake, akiona Trident inatoka katika maji ambamo siku zote hutoka Trident za nyuklia, na ikiwa njia yake ya kwenda Korea ya Kaskazini au kwingineko inapita karibu na anga lake au juu yake, atajuaje ya kwamba safari hii kichwa chake si cha nyuklia? Na ikiwa hawezi kujua, ana dakika ngapi za kuamua?

Swali hili halikuwa la dhana tupu. Tarehe 25 Januari 1995 wanasayansi wa Norway na wa Marekani walirusha roketi ya utafiti, Black Brant XII, kutoka Andøya, ili kuichunguza mianga ya angani ya nchi za kaskazini. Serikali ya Norway ilikuwa imekwisha kuzipasha habari nchi nyingine, Urusi ikiwamo, lakini habari ile haikuwafikia waliokaa kwenye rada, nao walipoiona roketi ikipaa kwa umbo na kwa mwendo wa Trident iliyotoka nyambizini, walipeleka onyo kwa wakubwa wao, na wakubwa kwa wakubwa wao, hata likamfika Rais Boris Yeltsin, na lile sanduku dogo lenye mitambo ya amri za nyuklia likafunguliwa mbele yake. Zilipita dakika ambazo mimi kila nizifikiripo hukosa raha, kabla haijathibitika ya kwamba roketi inaelekea baharini na wala haielekei Urusi. Naye Rais Putin, alipolihutubia bunge lake mwezi Mei 2006, akiujua mpango wa Marekani, alionya waziwazi ya kwamba kurushwa kwa kombora la namna hiyo kwaweza kuifanya dola yenye nyuklia ijibu isivyolingana na jambo lenyewe, hata kwa shambulio kamili. Mtu aweza kusema kuwa alikuwa akijitetea, na pengine ni kweli. Lakini onyo la anayejitetea nalo lina haki ya kupimwa.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwani jambo hili la roketi kutojulikana kilichomo ndani yake si geni katika ufuko wetu. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha baharini jukwaa la San Marco, na kutoka hapo, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapaa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout ikiwa imebeba chombo cha kupima miale ya nyota, ambacho kwa heshima ya siku ile kiliitwa Uhuru, na ambacho kiliifungulia elimu ya falaki mlango mpya kabisa. Wavuvi walioitazama ikipanda waliona moto na moshi. Lakini mtambo wa hatua yake ya kwanza ulitokana na kazi ya kombora la Polaris, na Polaris ni babu wa Trident. Hatua yake ya pili ilitokana na kombora la Sergeant la jeshi la nchi kavu. Mwili ulikuwa wa vita na tumbo lilikuwa la elimu, na hapakuwa na dalili yoyote ya nje ya kumwonyesha mtazamaji tofauti hiyo.

Kongresi ikakataa. Haikukataa kwa ukali wala kwa kelele, bali kwa njia yake ya kuzuia kitita na kutoa kijisehemu: katika bajeti ya mwaka 2007 ilitoa fedha kidogo kwa utafiti, ikaagiza wataalamu huru wa Baraza la Taifa la Utafiti waichunguze kadhia nzima; na Wizara ya Ulinzi iliporudi mwaka uliofuata na ombi la dola milioni 175, bunge likalivunja ombi lile, likaweka mahali pake mfuko mmoja wa dola milioni 100 kwa ajili ya kutafuta njia mbalimbali za kufikia lengo hilo, isipokuwa ile ya kuiweka Trident tayari kwa vita. Nami nataka msomaji azingatie jambo moja: mwaka 2006, swali lilipoulizwa kwa mara ya kwanza, mabaraza yote mawili yalikuwa mikononi mwa chama cha Republican, nacho ndicho chama cha Rais George W. Bush. Waliomnyima Rais fedha walikuwa ni wenzake, wakati askari wa nchi yao wapo vitani katika nchi mbili, wakati ambapo kumpinga waziri wa ulinzi kuliweza kumharibia mtu jina lake. Watu wa nchi zetu, ambao aghalabu hudhani ya kwamba kuikagua serikali ni kazi ya wapinzani peke yao, na ya kwamba mbunge wa chama kinachotawala amekwisha kuilipa kura yake kwa kunyamaza, wangefaa kuutazama mwaka ule kwa makini.

Insafu yanilazimu niseme pia ya upande wa pili. Wataalamu waliotumwa na bunge, chini ya uenyekiti wa Albert Carnesale, walitoa ripoti yao mwaka 2008, na hawakuwaunga mkono wajumbe kwa kila jambo: waliona ya kwamba hatari ya kutoelewana ni ya kweli, lakini yaweza kupunguzwa kwa kupashana habari na kwa mashauriano, na ya kwamba katika njia zote zilizopo, ile ya Trident ndiyo ya karibu na ya rahisi kuliko zote, kwa hiyo utafiti wake uendelee. Bunge likaipokea ripoti, likashukuru, na halikubadili uamuzi. Wapo wanaosema kuwa huo ni ukaidi. Mimi naona si ukaidi, kwa kuwa mtaalamu aliulizwa kama hatari yaweza kupunguzwa, akajibu kwa haki. Bali kuamua ni kiasi gani cha hatari kilichobaki ambacho raia wabebeshwe, hilo si la mtaalamu, ni la yule aliyechaguliwa na raia hao, naye ndiye atakayerudi kwao kuwaangalia usoni.

Ule mfuko mmoja ukawaelekeza wahandisi kwenye silaha ya namna nyingine, iitwayo ya haipasoniki, yaani chombo kinachopandishwa na roketi kisha kikaachiliwa kiteleze katika tabaka za juu za anga, kwa kasi ya zaidi ya mara tano ya sauti, kikipinda huku na huku kwa njia ambayo haifanani na ile ya kombora la nyuklia. Na baadhi ya matumaini yake ni kwamba tofauti hiyo ya njia ingemwondolea Mrusi shaka. Majaribio mawili ya chombo kiitwacho HTV-2, Aprili 2010 na Agosti 2011, yaliishia kwa chombo kupotea kiasi cha dakika tisa baada ya kurushwa. Chombo cha jeshi la nchi kavu kiliruka vyema Novemba 2011 kutoka Hawaii mpaka Kwajalein, na kilipojaribiwa tena Agosti 2014 huko Kodiak, Alaska, roketi yake ililazimika kuharibiwa sekunde nne tu baada ya kuondoka ardhini. Katika miaka hiyo yote fedha ilitolewa kwa kipimo, na maswali yaliulizwa kila mwaka.

Kisha hali ya hewa ikabadilika. Machi 2018 Putin aliutangazia ulimwengu makombora yake mapya. Agosti 2019 ukavunjika mkataba wa mwaka 1987 uliokuwa umeyapiga marufuku makombora ya nchi kavu ya masafa ya kilomita 500 mpaka 5,500. Na Oktoba mwaka huo huo China ikayapitisha ya kwake barabarani mjini Beijing. Tangu hapo katika vikao vya Kongresi swali la kama silaha hii inahitajiwa lilififia, likachukuliwa nafasi yake na lile la kwa nini imechelewa, na yule mjumbe aliyezoea kuuliza akaanza kuhimiza. Ombi la fedha za utafiti wa silaha za haipasoniki lilifika dola bilioni 4.7 kwa mwaka wa bajeti wa 2023, na kwa mwaka 2025 likawa bilioni 6.9. Kwangu mimi hili ndilo la kusikitisha katika kisa chote: milioni 127 zilipekuliwa kwa taa, na mabilioni yakapitishwa mbio.

Matokeo ya mbio hizo yameandikwa, na walioyaandika ni wale wale wasomaji na wahesabuji wa bunge. Mwaka 2021 kikosi cha mizinga katika jimbo la Washington kilikabidhiwa mitambo ya kurushia kombora jipya, ambalo baadaye liliitwa Dark Eagle na ambalo masafa yake ni kiasi cha kilomita 2,775. Kilikabidhiwa magari, mitambo na chumba cha amri, lakini makombora yenyewe hayakuwapo. Yalitarajiwa kabla ya kwisha kwa mwaka wa bajeti wa 2023, na mwaka huo majaribio mawili, la Machi na la Septemba, yakaahirishwa kombora likiwa bado halijaondoka chini. Ilikuwa mwaka 2024 ndipo lilipofaulu. Januari 2023 Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria ya kwamba kombora moja la namna hii lingegharimu kiasi cha dola milioni 41, na ya kwamba makombora ya balistiki yenye vichwa vinavyoweza kupinda yangeifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo kwa gharama pungufu. Nayo Idara ya Utafiti ilikumbusha, ripoti baada ya ripoti, ya kwamba huenda Wizara ya Ulinzi bado haijayaidhinisha mahitaji hasa ambayo silaha hizi zinakusudiwa kuyatimiza. Yaani chombo kinaundwa, nahodha amekwisha kuajiriwa, na bado haijaamuliwa kinakwenda bandari gani.

Kwa nini basi jicho lililokuwa kali likafumba? Adui aliyetangulia mbele hutia hofu, na hofu haipendi kuulizwa. Mengi katika haya huzungumzwa kwa faragha, na mjumbe aliyeambiwa siri hana ruhusa ya kuwashauri wapiga kura wake wala ya kumwita mtaalamu aliye nje. Tena viwanda vya silaha hizi vimejengwa katika majimbo ya watu, Alabama hususan, na mjumbe ambaye mamia ya jamaa zake hula mkate wa kiwanda si rahisi kuuliza kama kiwanda kinahitajiwa. Simlaumu kwa kuwapenda watu wake. Lakini dhamana aliyopewa ni ya wote.

Nirudi Khartoum, ambako sikusema yaliyotokea. Kiwanda cha Al-Shifa kilikuwa kikitengeneza dawa za binadamu na za mifugo, katika nchi maskini yenye malaria. Serikali ya Marekani ilisema ya kwamba katika udongo wa karibu nacho imepatikana kemikali ya kutengenezea sumu ya vita. Ushahidi huo haukuwaridhisha wachunguzi wengi wa baadaye, na mwaka uliofuata Hazina ya Marekani ikaziachilia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia. Katika hoja zote zilizotolewa tangu 2006 kuhusu dakika na kilomita, Khost imetajwa sana kwa sababu kombora lilichelewa, na Khartoum imetajwa kidogo. Ningependa, jemadari atakapoketi tena mbele ya kamati kuomba fedha ya kombora liendalo haraka zaidi, pawepo mjumbe mmoja wa kuuliza juu ya Khartoum. Kwa maana huko makombora hayakuchelewa, wala hayakukosea njia, yalifika usiku ule ule na mahali pale pale yalipotumwa.